Kabla hujaipeleka mashine yako kwenye maonyesho

Chalii alikuwa anafungua nati mbele za watu.

Ilikuwa kwenye maonyesho flani ya wabunifu hapa Arusha, banda la pembeni kabisa. Kijana katoka Moshi na mashine yake ya kumenya kahawa, ile ya kuzungusha kwa mpini, kaitengeneza mwenyewe. Watu wamejaa kwa sababu alikuja na debe la kahawa mbivu na alikuwa anamenya palepale, maji yanatiririka, maganda yanaangukia huku punje kule. Mzee mmoja mkulima akachota punje chache akazigeuza kiganjani, akazisogeza karibu na macho, akasema hazijachubuka hata moja. Kwa mtu wa kahawa hapo ndo penyewe, maana punje iliyochubuliwa na mashine inachacha vibaya na inashusha daraja la mzigo mzima.

Akaulizwa umefanyaje.

Basi yeye kwa furaha akachukua spana namba 13, akafungua bamba la mbele akaanza kuonyesha. Nyuma ya bamba kaweka kipande cha mpira wa tairi, tunda kubwa likija bamba linarudi nyuma kidogo, likishapita linakaa sawa. Pembeni kuna kipande cha chuma kimekatwa meno kama ngazi, ukikisogeza jino moja ile nafasi kati ya bamba na ngoma, lile pipa linalozungushwa na mpini, inabadilika, huhitaji spana wala fundi, hata mama akiwa shambani peke yake anaweza. Akaeleza unene wa mpira. Akaeleza kwa nini tyubu ya boda haikufaa. Jamaa mmoja alikuwa anarekodi video tangu mwanzo, akamwambia "dogo hebu kisogeze tena taratibu", na chalii akakisogeza tena taratibu.

Ile video imenikaa kichwani wiki na wiki.

Mi sio mwanasheria. Kazi yangu ni kuwaandikia watu maandiko ya biashara na maombi ya mikopo na ruzuku, kwaiyo nimekaa sana na mafundi wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha na wa Majengo kule Moshi, na hili la hataza, yaani haki ya mvumbuzi kumiliki peke yake uvumbuzi wake kwa muda (patent), linakuja kila tukifika kwenye kile kipengele cha fomu kinachouliza "ubunifu wako umelindwaje". Wengi wanaandika "bado". Sasa safari hii niliona kwa macho yangu hiyo "bado" inavyogeuka kuwa "haiwezekani tena".

Kilichoondoka pale bandani

Watu wengi wanadhani hatari ya kuonyesha kitu ni kuibiwa. Ipo, sikatai. Ila kuna hatari nyingine imetulia zaidi na haihitaji mwizi.

Ili upate hataza, kitu chako lazima kiwe kipya, kiwe na hatua ya uvumbuzi ambayo fundi wa kawaida wa fani hiyo asingeifikia kirahisi, na kiweze kutumika kwenye uzalishaji. Hilo neno "kipya" lina ukali wake. Maana yake kipya duniani kote siku unayopeleka maombi, sio kipya Moshi. Na kinachoweza kukiua upya ni pamoja na wewe mwenyewe. Ukikionyesha hadharani namna kinavyofanya kazi, ukaweka video Instagram, ukakieleza redioni, au kama ni mwanafunzi ripoti yako ikakaa maktaba watu wanaisoma, hayo yote yanaweza kuja kuhesabiwa dhidi yako. Marekani wanampa mvumbuzi mwaka mmoja tangu alipoonyesha mwenyewe. Ulaya kwa sehemu kubwa hawana huruma hiyo. Na sheria za nchi mbalimbali zina vipenyo vya maonyesho yanayotambuliwa rasmi, kwamba ukionyesha huko haihesabiwi dhidi yako, ila usijenge mpango wa biashara juu yake.

Kwaiyo yule jamaa wa video hata kama alikuwa anamrekodia mjomba wake tu anayelima Rombo, kile kitendo cha kufungua bamba mbele ya umati tayari kilishafanya kazi yake.

Hapo ndo nilipoanza kukasirika. Na hasira yenyewe haikuwa kwa yule kijana, hata kidogo. Nani alimwambia? Alijaza fomu ya kushiriki, akapewa semina ya namna ya kujieleza kwa dakika chache, akafundishwa kutabasamu na kutaja ukubwa wa soko. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama ameshapeleka maombi popote.

Swali lake lilinifunga mdomo

Nilichukua namba yake siku ileile, na nilipopita Moshi tukaonana kwenye karakana anayofanyia kazi. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapo juu. Akanisikiliza vizuri kabisa, af akaniuliza:

"Sasa kaka, mi nikiificha nani ataninunulia?"

Nilikaa na hilo swali muda mrefu, na bado naona ni swali la haki kuliko makala nyingi za mambo ya miliki bunifu zinavyotaka kukubali. Mtu ana mashine moja, hana hela ya kutengeneza ya pili, anahitaji mteja atoe advansi ndo anunue bati. Ukimwambia kaa kimya mpaka karatasi zitoke unamwambia kaa na njaa. Hataza inachukua miaka. Msimu wa kahawa haumsubiri mtu.

Ila kuna kitu hapo katikati. Yule mzee aliyechota punje, je, alihitaji kuona mpira wa tairi? Hakuhitaji. Alichotaka kujua ni punje zimechubuka au hazijachubuka. Kilichouza mashine ni punje kwenye kiganja, na kilichofunguliwa kwa spana hakikumuongezea mteja hata mmoja, kilimuongezea mafundi wenzake. Mteja unamuonyesha matokeo. Namna matokeo yanavyopatikana unaiacha imefungwa mpaka siku umeshapeleka maombi.

Na kupeleka maombi sio sawa na kupata hataza, hapa ndo wengi wanachanganya. Ukishapeleka maombi BRELA, ile ofisi ya serikali inayosajili biashara na hataza, unapata tarehe. Hiyo tarehe ndo mali. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa kulinda uvumbuzi na alama za biashara, tangu 1963, kwaiyo kuanzia tarehe hiyo una miezi 12 ya kupeleka maombi ya kitu hichohicho nchi nyingine za mkataba, na wakahesabu kama vile umepeleka siku ile ya kwanza. Ndani ya hiyo miezi 12 nenda maonyesho yote, fungua bamba, uza, tafuta mwekezaji, uone kama kuna mtu kweli anataka mashine yako kabla hujamwaga hela zaidi. Ikionekana soko lipo Kenya na Uganda, kuna ARIPO, ile ofisi ya miliki bunifu ya nchi kadhaa za Afrika iliyopo Harare, maombi mamoja unataja nchi unazozitaka miongoni mwa wanachama wa itifaki yao. Ikionekana soko ni kubwa zaidi kuna njia ya PCT, mkataba wa kimataifa wa kuanza na ombi moja kwa nchi nyingi, inayokupa mpaka miezi 30 hivi tangu ile tarehe ya kwanza kabla ya kuanza kulipia nchi moja moja.

Tahadhari moja tu, maelezo uliyopeleka siku ya kwanza lazima yawe kamili. Huwezi kurudi baadaye ukasema nilisahau lile jino la ngazi. Kisichokuwemo hakimo.

Nikatafuta, amani ikapungua zaidi

Nikiwa bado na hasira zangu nikaingia kwenye Espacenet na PATENTSCOPE, tovuti za kutafutia nyaraka za hataza za duniani. Zote mbili ni bure, Espacenet peke yake ina nyaraka zaidi ya milioni 150. Nikaandika kumenya kahawa kwa Kiingereza na kushuka nazo usiku kucha.

Kumbe mashine za kumenya kahawa watu wamezichora tangu karne ya 19. Na bamba linaloweza kurudi nyuma likibanwa, wengine kwa springi, wazo hilo limezungukwa zungukwa sana. Kwaiyo ule mpira wa tairi aliokuwa anauelezea kwa fahari kubwa kuliko vyote, unene wake na nini, huenda usingepita hata angekuwa wa kwanza mlangoni BRELA. Kile kipande cha meno, ambacho alikipitia haraka haraka kama kitu cha kawaida, ndo sikuona mwenzake. Simaanishi hakuna, mimi nimetafuta kama mtu wa kawaida na mtaalamu angechimba zaidi. Ila ilinishtua kwamba mvumbuzi mwenyewe hakuwa anajua thamani yake imekaa wapi. Alikuwa anajivunia kitu cha zamani na kugawa kile ambacho pengine ndo kilikuwa chake.

Hapo mawazo yangu yakageuka.

Mwanzo nilikuwa nawaza "kalinde kabla hujaonyesha". Sasa nikaona kuna hatua kabla ya hiyo, nayo ni kutafuta. Mtu akitumia usiku mbili tatu kusoma walichofanya wenzake anajua ni kipande gani cha mashine ni chake, na hicho ndo anakifunika, hicho ndo anakiandikia madai, yaani yale maneno ya kwenye maombi yanayotaja hasa kitu gani unataka kilindwe. Mengine ayaonyeshe tu, hayana neno.

Af kuna faida nyingine ambayo sisi huku tumeiacha kabisa. Hataza inalinda pale ilipotolewa tu. Mchoro wa mashine uliosajiliwa Brazil au Japani na haukuwahi kulindwa Tanzania, au ulilindwa muda wake ukaisha, fundi wa Unga Limited anaweza kuusoma na kuutengeneza hapa na kuuza hapa bila kumwomba mtu ruhusa. Sheria ndo inavyotaka, mvumbuzi anapewa muda wa kumiliki peke yake (kwa ARIPO ni miaka 20 tangu kupeleka maombi) na yeye kwa malipo ya hiyo anaieleza dunia kila kitu kwa michoro. Ni juu yako kuangalia kwanza kama hailindwi hapa, na usiivushe kwenda nchi ambako bado inalindwa. Tuna karakana nyingi, tuna TEMDO na CAMARTEC hapahapa Arusha, mashirika ya umma ya kubuni mitambo na zana za kilimo, tuna SIDO, shirika la viwanda vidogo, mikoani, na hiyo michoro yote imekaa tu inasubiri mtu wa kuisoma.

Na hilohilo la mipaka linarudi kwako. Hataza yako ya Tanzania ikifika mpakani Holili inaishia hapo. Ng'ambo pale Taveta mtu anaweza kutengeneza mashine yako mchana kweupe na kuuza Kenya nzima, kama hukupeleka maombi Kenya. Kwa kijana wa Moshi ambaye soko lake la pili kwa ukaribu ni hukohuko, hili lazima alifikirie ndani ya ile miezi 12 na sio baada ya hapo.

Je kila kitu kimeharibika?

Hapana, na hili pia lilinichukua muda kuliona.

Kile kitendo cha kuonyesha hadharani kinaziba mlango kwa wote. Yule mwenye video naye hawezi kwenda kihalali kusajili ile mashine kama yake, kwanza sio mvumbuzi, na pili kitu kimeshakuwa hadharani, hakina upya kwake kama ambavyo hakina kwa kijana. Kwaiyo hakuna wa kuja kuisajili baada ya hapo af amzuie chalii kutengeneza mashine yake mwenyewe. Kuna makampuni makubwa duniani yanafanya hivi kwa makusudi, yanachapisha wazo ili mshindani asilimiliki. Nilimwambia kijana atunze ushahidi, picha za maonyesho, tarehe, hata ile video akiweza kuipata, maana siku moja inaweza kuwa kinga yake.

Na akiiboresha, lile boresho jipya ambalo hajalionyesha popote bado linaweza kuombewa. Sheria yetu ya hataza ya mwaka 1987 ina ngazi ya chini pia, cheti cha ubunifu mdogo ambacho hakidai ile hatua kubwa ya uvumbuzi, bado kinataka upya ila kinafaa kwa maboresho ya mafundi, japo muda wake ni mfupi kuliko hataza kamili. Nashangaa hakisemwi. Ukienda semina utasikia hataza hataza, wakati robo tatu ya ninachokiona kwenye karakana zetu ni maboresho ya aina hiyo hasa.

Karatasi haimkamati mtu

Kuna Mmarekani aliitwa Robert Kearns, alivumbua waipa za gari zinazofuta kwa vituo. Alikuwa na hataza zake kamili tangu miaka ya 1960. Makampuni ya magari yakatumia. Akaishitaki Ford mwaka 1978, na malipo ya dola milioni 10.2 yakaja 1990. Miaka 12. Na hapo katikati ndoa ikavunjika na afya ikayumba.

Namtaja kwa sababu nimeona vijana wanaohangaika kutafuta hataza kana kwamba siku ikitoka kuna askari atasimama mlangoni. Hataza inakupa haki ya kwenda mahakamani, basi. Kwenda ni juu yako, wakili ni juu yako. Kwaiyo kabla ya kutumia hela swali langu kwa mtu siku hizi ni hili: nani unayemuogopa, na je, unaweza kumfikia? Kama unayemuogopa ni fundi wa mtaa wa pili atakayetengeneza mbili tatu kwa mwaka, hata ukishinda utapata nini kwake? Kama ni kiwanda au muingizaji wa makontena, hapo hataza ina meno. Na kama unategemea mwekezaji au kukodisha teknolojia kwa mtu mwenye kiwanda, basi hataza inakuwa kitu cha kuweka mezani hata kama hutamshitaki mtu maisha yako yote.

Kwa wengi naona jina ndo lingetangulia. Mkulima wa Machame akishaamini mashine za fundi flani, ananunua jina. Alama ya biashara inasajiliwa miaka 7 ya kwanza na baada ya hapo unahuisha kila miaka 10 bila mwisho, na maonyesho hayaiui, yanaijenga. Ila naomba watu waelewe kwamba kusajili jina la biashara BRELA sio kusajili alama ya biashara, ni maombi mawili tofauti na nimekutana na wafanyabiashara wakubwa tu wanaodhani wameshalindwa kumbe wana lile la kwanza peke yake. Na usajili wa bara haufiki Zanzibar, kule wana ofisi yao.

Siri nayo ni njia, kwa vitu vyenye siri kweli. Kipimo changu ni spana. Kama mtu akinunua bidhaa yako akaifungua anaona kila kitu, siri hakuna. Kama kinachofanya iwe nzuri kimetokea karakanani na hakionekani kwenye bidhaa, mfano namna unavyochoma na kupoza chuma cha kisu, au mchanganyiko wa kitu, hapo unaweza kunyamaza nacho miaka na miaka bila kulipa ada kwa mtu. Fikiria lile chujio la maji la Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha, lililoshinda Tuzo ya Afrika ya Uvumbuzi wa Uhandisi mwaka 2015, mchanga na nanomateria, yaani chembe ndogo mno, kwa pamoja. Mchanga kila mtu anauona. Nanomateria huwezi kuiona kwa macho, spana haitakusaidia. Mashine ya kahawa ni habari nyingine kabisa, yenyewe inajieleza ikifunguliwa tu.

Na mashine ni ya nani?

Hili nalipitia haraka ila limevunja urafiki wa watu ninaowajua. Mnaanza wawili, mmoja ana wazo mwingine ana mashine ya kuchomelea, hakuna kilichoandikwa. Au kijana ni mwajiriwa na kafanya kwa vifaa vya mwajiri, au ni mwanafunzi na chuo kina sera yake. Andikeni mapema, ukurasa mmoja tu, nani kafanya nini na haki ni za nani au ni za kampuni. Mwekezaji wa maana hilo ndo swali lake la kwanza, na ukimjibu "tunaelewana tu" anafunga daftari.

Kwa wanaoandaa maonyesho

Sasa narudi kwa waandaaji, maana hasira yangu nyingine zote zimepoa ila hii haijapoa.

Ninyi mnaoita vijana waje na mashine zao, nawaheshimu, bila ninyi yule kijana asingekutana na yule mzee wa kahawa. Ila wekeni swali moja kwenye fomu ya kushiriki: umeshapeleka maombi ya ulinzi wa ubunifu huu? Akijibu hapana, kabla hajapewa banda apigiwe simu aelezwe kwa Kiswahili cha kawaida kinachoweza kutokea akifungua mashine hadharani, af aamue mwenyewe. Na ile semina ya kujieleza iongezewe saa moja ya kuwafundisha kutafuta kwenye hizo nyaraka za bure, wakiwa na simu zao mkononi, kila mtu na kitu chake. BRELA wana watu wanaoweza kuja kufundisha, waalikeni wiki kadhaa kabla, sio siku ya ufunguzi wakati mabanda yameshajaa.

Majaji nao wakubali kupima matokeo bila kudai kuonyeshwa kila kitu mbele ya kamera. Kama lazima waone ndani, waone faraghani, na wasaini karatasi ya kutunza siri kama wanavyosaini posho.

Kijana kwa sasa anashughulikia alama ya jina lake. Kwa mashine, ana boresho jipya kwenye ngoma ambalo sitaliandika hapa, na maelezo yake tunayaandika pamoja taratibu kwa Kiswahili kwanza, pamoja na michoro, kabla ya kumtafuta wakala wa kuyaweka kwenye lugha ya madai. Kuna mwenye uzoefu wa kuandika madai ya mashine ndogo za kilimo aliye Kanda ya Kaskazini, namuomba aniandikie.